Kinyama cha pili: uvimbe wa paja uliodhaniwa saratani

Mtoto wa kiume, miaka sita, anaishi Chanika na wazazi wake na bibi mzaa baba. Kwa miezi saba alikuwa na uvimbe ulioanzia tako la kulia ukashuka hadi katikati ya paja. Haukumuuma. Hakuwa na homa wala hakupungua uzito. Alikula, alicheza, ila alikimbia akiuburuta mguu kidogo, kama mtu aliyevaa suruali inayombana upande mmoja.

Mimi nafanya kazi maabara, upande wa vinasaba vya vimelea, hapa Dar es Salaam. Mtoto huyu nilimfahamu kwanza kama kipande cha nta chenye nyama yake ndani na namba ya wino juu. Wazazi wake wameniruhusu nieleze kisa hiki, nami nimeacha majina ya watu na ya hospitali zote alikopita. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu kilibakiza kidogo tu kiishie vibaya, na kila ninapokifikiria narudi kwenye jambo lilelile: chupa iliyotumika kubebea nyama siku ya kwanza.

Uvimbe ulipoanza ulikuwa kama kokwa ya embe chini ya ngozi. Bibi aliukanda kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Zahanati walisema ni jipu linaloiva polepole, wakatoa antibayotiki ya maji, na baada ya wiki mbili wakalipasua. Usaha haukutoka. Ilitoka damu, na ndani kulikuwa na nyama ngumu nyeupe. Jipu lisilo na usaha ni dokezo kubwa, lakini halikuandikwa popote kwenye kadi. Mimi nililisikia kwa mama miezi mingi baadaye.

Hospitali iliyofuata ndiyo iliyochukua kinyama cha kwanza, yaani kipande kidogo cha nyama ya uvimbe cha kupimwa. Kilitumbukizwa chote kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, kama ilivyo desturi, kikakaa humo tangu Ijumaa hadi Jumatano kwa sababu ya sikukuu. Majibu yalisema: uvimbe sugu wenye granuloma, yaani vifundo vya seli za kinga, na seli nyingi za eosinofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu. Katika nchi yetu granuloma ikionekana mawazo huenda moja kwa moja kwenye kifua kikuu, na siwalaumu waliofikiri hivyo, maana mara nyingi huwa kweli. Walifyonza majimaji kidogo kwa sindano, GeneXpert, mashine ya kupima TB, haikuona bakteria wake, lakini kipimo hicho kinaweza kuikosa TB iliyo nje ya mapafu. Mtoto akaanzishiwa dawa. Miezi miwili ikapita na uvimbe ukaongezeka.

Ndipo ikaandikwa rufaa, na neno likabadilika. Mtoto mdogo, uvimbe mgumu, unakua, hauumi: katika ukanda huu daktari yeyote atawaza limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto inayokua haraka, au sarkoma, saratani ya misuli. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, jina la Ocean Road, hospitali ya saratani, likitajwa mbele ya mlango wa wodi halihitaji mtu wa kulieleza. Mama alilisikia likisemwa na watu wawili ambao hawakuwa wakizungumza naye. Usiku ule alichobaki nacho ni swali moja, na asubuhi alimuuliza kila mwenye koti jeupe aliyepita: "Daktari, mwanangu atakatwa mguu?"

Aliyegeuza mambo ni daktari wa upasuaji wa watoto ambaye aliugusa uvimbe kabla ya kufungua faili. Ngozi ya juu ilikuwa imeshikana nao, ngumu kama ubao. Lakini alipofika ukingoni alikuta umeishia ghafla, kama ukingo wa chapati nene juu ya kikaango, na akaweza kuingiza ncha ya kidole chini yake na kuunyanyua. Uvimbe wote ulisogea juu ya misuli. Sarkoma ya misuli huwa imejishikiza chini, haikuachii kidole kipite. Aliwahi kuona uvimbe wa namna hii mara moja tu, akiwa bado anasoma, na hakuusahau. Badala ya kupanga upasuaji, alikwenda kwa mwanapatholojia akaomba slaidi za zamani zitafutwe.

Slaidi zilikuwa zilezile zilizokwisha kusomwa, ila safari hii zilisomwa na mtu aliyeulizwa swali jingine. Katikati ya eosinofili kulikuwa na mirija mipana, mitupu, yenye kuta nyembamba, iliyokatwa huku na huku, na kila mmoja umevikwa koti zito la rangi ya waridi. Koti hilo hutengenezwa na kinga ya mwili inapojikusanya kumzunguka mvamizi, na limepewa jina la Splendore na Hoeppli walioliandika. Rangi ya kila siku ya maabara, hematoksilini na eosini, ndiyo iliyolionyesha vizuri. Rangi ya fedha, ambayo ndiyo tunayoitegemea kusakia fangasi, iliipaka mirija ile kwa shida, na hilo ni la kawaida kwa fangasi wa aina hii. Anayetazama rangi ya fedha peke yake anaweza kusema hakuna kitu.

Kwa hiyo tulijua kuna fangasi. Hatukujua yupi, na hapa ndipo jina linapogeuka kuwa matibabu. Mirija mipana yenye sura ile inaweza kuwa ya kundi la Mucorales. Hao hutoboa mishipa ya damu na kuozesha nyama kwa siku chache. Tiba yake ni amfoterisini B ya mshipani na kisu cha haraka, bila huruma kwa kiungo. Inaweza kuwa ya Basidiobolus, ambaye hukaa chini ya ngozi miezi na miezi bila kuvamia mishipa, na ambaye hutibiwa kwa dawa za kumeza, mguu ukabaki ulipo. Na inaweza kuwa ya Pythium, kiumbe anayefanana na fangasi kwa umbo ilhali si fangasi, na dawa nyingi za fangasi hazimfanyi lolote. Mwenendo wa uvimbe ulielekeza kwa Basidiobolus. Lakini kumtoa mtoto kwenye njia ya saratani na kumpa dawa ya miezi mingi kwa kufuata mwenendo peke yake ni jambo ambalo daktari mwaminifu husita kulifanya.

Niseme kidogo kuhusu Basidiobolus, kwa sababu watu husikia "fangasi adimu" wakadhani ametoka mbali. Yumo kwenye vinyesi vya vyura, vinyonga na mijusi, na mjusi kafiri anayetembea ukutani kwako saa hizi huenda anambeba. Yumo pia kwenye udongo na majani yanayooza. Spishi yake inayojulikana zaidi ilipewa jina ranarum, la vyura, mwaka 1886. Ugonjwa wake kwa binadamu ulielezwa kwanza Indonesia mwaka 1956. Na mwaka 1964 Denis Burkitt, yuleyule ambaye limfoma tuliyoihofia inaitwa kwa jina lake, aliandika pamoja na Wilson na Jelliffe kuhusu wagonjwa 31 wa Uganda waliokuwa na uvimbe wa aina hii. Hilo huniumiza kila nikilikumbuka. Mtu aliyetufundisha kuiogopa limfoma ya watoto wa Afrika Mashariki ndiye huyohuyo aliyeandika kuhusu uvimbe huu unaofanana nayo, tena hapa jirani. La kwanza tukalishika, la pili likafifia.

Nilipokea kile kipande cha nta siku ya Jumatatu, pamoja na ombi la kusoma vinasaba vya fangasi aliyemo. Wazo lenyewe ni jepesi. Kila kiumbe hai kina maeneo kwenye DNA yake ambayo hutofautiana na ya wengine kama saini. Kwa fangasi tunalitumia zaidi eneo liitwalo ITS, ambalo mwaka 2012 lilipendekezwa rasmi kuwa alama ya kuwatambua. Unatoa DNA kwenye tishu, unaikuza sehemu hiyo kwa PCR, mbinu ya kuinakili DNA mara nyingi, unaisoma herufi kwa herufi, kisha unailinganisha na rekodi zilizohifadhiwa kwenye hazina za kimataifa.

Kwenye nta haikuwa nyepesi. Fomalini huifunga DNA kwenye protini na kuivunja vipandevipande, na kadiri nyama inavyokaa humo ndivyo vipande vinavyozidi kuwa vifupi. Nilianza kwa kupima jeni ya mtoto mwenyewe ili nijue hali ya sampuli: kipande kifupi kilitokea, kirefu hakikutokea. Hapo tayari nilijua siku zile tano za sikukuu zimetugharimu. ITS nzima haikukua hata kidogo. Nikajaribu nusu yake, ITS2, ambayo ni fupi zaidi, na safari hii nikapata mstari mzuri kwenye jeli, ishara kwamba DNA imekua. Nikausoma. Jina lililorudi lilikuwa Cladosporium.

Nilikaa na karatasi ile mkononi kwa muda. Cladosporium ni fangasi wa hewani. Yupo kwenye kila dirisha lenye unyevunyevu katika mji huu wa pwani. Hana mirija mipana ya namna ile wala havai koti la waridi. Nikarudi kwenye kidhibiti hasi, yaani chupa ya maji matupu inayopitishwa hatua zote pamoja na sampuli ili itusute tukichafua kazi. Nayo ilikuwa na mstari hafifu. Kwa haraka zangu sikuwa nimeutilia maanani mara ya kwanza. Nilichosoma kilikuwa vumbi la hewa lililoingia kwenye nta au kwenye kazi yangu, na kama ningeyapeleka majibu yale yakiwa na mhuri, mtoto angepewa jina la fangasi asiyekuwa naye, kwa mamlaka yote ya teknolojia mpya. Nasisitiza hili kwa wenzangu wa maabara: mashine itakupa jina kila mara. Kazi ya kulikataa jina hilo ni yetu.

Nikampigia daktari wa upasuaji. "Daktari, naomba kinyama kingine, kibichi."

"Dada, huyu mama ameshachoka na visu."

"Najua. Nitakuja kuzungumza naye mwenyewe."

Nilikwenda. Baba alikuwepo, amesimama, na bibi amekaa kwenye benchi na mtoto mapajani. Nikamwamkia bibi, nikawaeleza wote kwamba tunahitaji kipande kidogo sana, safari hii kwa ajili ya kipimo cha vinasaba. Baba alibadilika uso. Alinyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mnataka kuhakikisha kama ni mwanangu?"

Nilijilaumu papo hapo. Mitaani kwetu kipimo cha vinasaba kina maana moja: kesi ya mtoto ni wa nani, na majibu kutoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Nilikuwa nimeliweka neno hilo mbele ya familia iliyochoka, mama akiwa pembeni yake, bila kufikiria linabeba nini. Nikaanza upya. "Baba, hatusomi vinasaba vya mtoto. Kuna kiumbe kingine kimeingia kwenye paja lake na kujenga humo. Tunataka kusoma vinasaba vya kiumbe hicho tujue jina lake, kwa sababu kila kimoja kina dawa yake." Nikamchorea nyuma ya fomu: nyama, mirija, koti. Akaichukua ile fomu, akaitazama, akampa mkewe. Mama ndiye aliyetia sahihi. Tangu siku hiyo katika mazungumzo na wazazi nasema "kusoma jina la kimelea", na neno vinasaba linakuja baadaye, baada ya kuelewana.

Kinyama cha pili kilichukuliwa ukingoni mwa uvimbe, mahali unapokua, kikagawanywa mara tatu papo hapo thieta. Kimoja kwenye fomalini kwa ajili ya hadubini. Cha pili kwenye chupa tasa yenye maji ya dripu ya chumvi, bila barafu, kwa ajili ya kuotesha, maana Basidiobolus havumilii baridi na friji inaweza kumuua kabla hajafika kwenye sahani. Cha tatu kwenye chupa tasa ndani ya barafu, kwa ajili ya DNA. Tulikubaliana pia na wenzangu wa kuotesha kwamba nyama ikatwekatwe kwa wembe, isisagwe, kwani mirija mipana ya namna hii ikisagwa hufa.

Siku ya tatu kwenye agari ya Sabouraud, chakula cha kuoteshea fangasi, kulikuwa na koloni bapa, la rangi ya maziwa yaliyochafuka, lenye mng'ao wa nta na mikunjo inayotoka katikati. Mwenzangu alidhani ni bakteria aliyevamia, na mimi nisingembishia, kwani hakuna kati yetu aliyewahi kuliona. Siku ya tano mfuniko wa sahani ulikuwa na ukungu wa vitone. Fangasi huyu huzirusha mbegu zake juu kwa nguvu, zikanata kwenye mfuniko, na kila iliyonata huweza kuanza koloni lake. Tuliutazama mfuniko ule kwenye mwanga, tukipeana zamu.

Wakati huo DNA ya kipande cha barafu ilikuwa imekua vizuri. ITS ilisomeka mwanzoni, kisha katikati herufi zikaanza kupandiana, vilele juu ya vilele, dalili kwamba kiumbe kimebeba nakala nyingi za eneo hilo zisizofanana. Tukahamia eneo jingine, 28S, na hapo tukasoma karibu herufi 600 safi kabisa. Zililingana na Basidiobolus kwa zaidi ya asilimia 99. Mucorales walikuwa mbali. Pythium hakuwa hata kwenye ukoo. Koloni la kwenye sahani lilisoma vilevile. Kidhibiti hasi kilikuwa kitupu, na safari hii nilikitazama cha kwanza.

Hata hivyo sikuchukua jina la mstari wa juu nikaondoka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba hadi asilimia 20 ya rekodi za fangasi kwenye hazina za wazi zinaweza kuwa na jina la spishi lisilo sahihi. Mtu alipandisha rekodi kwa jina la kukisia, wengine wakalinganisha na ya kwake, na kosa likazaa wajukuu. Nililinganisha na rekodi za vielelezo vilivyotunzwa kwenye makumbusho ya vijidudu, ambavyo utambulisho wake umethibitishwa. Na kwenye fomu niliandika "Basidiobolus, kundi la B. ranarum", nikaishia hapo. 28S haitenganishi vizuri spishi zote za jenasi hii, na spishi mpya bado zinaelezwa. Mmoja aliandikwa mwaka 2021 kutoka Oman. Kwa matibabu ya mtoto, jenasi ilitosha.

Dawa iliyochaguliwa ni itrakonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, na hapa zile dawa za TB zikaleta kikwazo ambacho kingeweza kupita bila kuonekana. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huamsha vimeng'enya vya ini vinavyoivunja itrakonazoli, hata damu ikabaki na kiasi kidogo mno cha dawa. Mtoto angemeza vidonge kila siku, uvimbe ungekataa kupungua, na sote tungesema vinasaba vimetudanganya. Madaktari waliisimamisha rifampisini, na kwa kuwa nguvu yake huchukua kama wiki mbili kuisha mwilini, walianza na potasiamu ayodaidi. Hiyo ni dawa ya kale, bei yake ndogo, yenye ayodini ileile tunayoiita madini joto kwenye chumvi ya mezani. Hutolewa kwa matone yanayoongezwa kidogo kidogo. Ni chungu na ina ladha ya chuma. Mama aliichanganya na juisi ya ukwaju, na mtoto alikuwa akikimbia akiiona chupa. Tezi ya shingo ilipimwa kabla na wakati wa dawa, kwa sababu ayodini nyingi inaweza kuivuruga. Baada ya hapo itrakonazoli ikaingia, baada ya chakula, na ini likifuatiliwa.

Wiki ya tatu ukingo ulianza kulainika. Mwezi wa pili mama alisema suruali ya shule imeingia bila kulazimishwa. Mwezi wa sita kilichobaki kilikuwa ngozi nyeusi kidogo na makovu mawili ya vinyama, na dawa ziliendelea kwa muda hata baada ya uvimbe kutoweka. Mguu upo, na wodi ya saratani hakuiingia.

Mama aliuliza kama awaue mijusi. Nilimwambia hapana, hawatakwisha, na kuwapo kwao nyumbani peke yake hakumpi mtu ugonjwa. Inaaminika fangasi huingia kupitia mkwaruzo au mahali palipoumwa na mdudu, na baadhi ya wataalamu wameyataja majani yanayotumika kujisafishia baada ya haja kubwa, kwa kuwa uvimbe hupenda matako na mapaja ya watoto. Hilo la majani bibi alilikubali kwa kichwa bila kusema neno.

Nikirudi kwenye sampuli. Tangu Korona, uwezo wa kusoma vinasaba umesogea karibu yetu kuliko zamani. Kuna mashine ndogo ya MinION, inachomekwa kwenye kompyuta ya mapajani, na iliyosoma virusi inaweza kusoma fangasi. Shirika la Afya Duniani liliingiza fangasi wa ndani ya ngozi na tishu kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017. Mwaka 2022 likatoa orodha ya fangasi 19 wa kupewa kipaumbele, na Basidiobolus hayumo, jambo ninalolisikitikia. Vitendanishi bado vinaagizwa nje na vikichelewa tunakaa mikono mitupu. Yote hayo ni kweli na yanahitaji fedha. Lakini mtoto huyu alipoteza miezi kwa sababu nyama yote iliingia kwenye fomalini siku ya kwanza, na chupa tasa ya pili ingegharimu pesa kidogo kuliko nauli ya familia kutoka Chanika kuja mjini.

Thieta ile sasa ina kasha dogo kwenye rafu, na ndani yake chupa tatu tatu zilizofungwa kwa mpira. Mwezi uliopita nesi alinipigia kabla ya upasuaji wa msichana mwenye uvimbe wa pua uliokaa mwaka mzima. Aliuliza chupa ipi iwekwe kwenye barafu. Nikamwambia moja barafuni, moja mezani mbali na kiyoyozi, na anipigie mara tu bodaboda ikiondoka.